Volti Tisa

Si betri, nilimwambia. Hakunisikia.
Bi Arusyak alikuwa ameikumbatia
kama mtoto mwenye homa,
jinsi alivyoipandisha ghorofa ya nne kila usiku
na kuishusha kila alfajiri, vipupwe vitatu,
ikilala jikoni, juu ya kiti, karibu na jiko,
imevishwa sweta ya Hmayak.

Gyumri, mwezi wa pili, digrii ishirini chini ya sufuri.
Karakana yangu ni kontena la bati.
Spana ukiishika bila glavu, inakushika wewe.
Zhiguli yake, rangi ya haradali,
ilifika ikivutwa kwa kamba,
theluji ingali kwenye boneti.

Zungusha ufunguo.
Ta.
Tena.
Ta. Ta.
Halafu kimya, na mvuke wa pumzi zetu watatu.

Betri mbili kanunua. Fundi wa stesheni
kamuuzia selenoidi, kamuuzia stata,
kamuuzia na maneno: gari limezeeka, mama.
Yeye kalipa, kanyamaza, kaendelea kupanda ngazi.

Mimi zamani nilikuwa fundi wa lifti.
Lifti ikigoma, watu hupiga mlango mateke.
Mlango una kosa gani?
Nilijifunza kuufuata waya kwa kidole,
kituo kwa kituo, bila kumtuhumu mtu.

Tatul, washa taa kubwa. Sasa zungusha.
Ta, ikasema stata,
na taa hazikufifia hata chembe,
zilitukodolea macho zikangʼaa ukutani.
Umeona, Tatul? Mwenye njaa utamjua usoni.
Huyu ameshiba. Ila kuna njia haipitiki.

Nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri,
nyingine kwenye chuma kitupu cha injini.
Hapo, mwanangu, pasiwe na kitu. Pawe sufuri, au jirani yake.
Zungusha.
Mita ikaruka: tisa.
Volti tisa, katika kumi na mbili tulizokuwa nazo,
zimekwama mahali fulani zinapasha kutu moto.

Ndipo nikamweleza kijana, kwa sauti ya ualimu:
umeme si kwenda tu.
Umeme ni kwenda na kurudi.
Usiporudi, hata kule kwenda ni bure.

Ulimi hauna mfupa.
Bi Arusyak akageuka kutazama kalenda ya mwaka juzi
kana kwamba kuna tarehe anaitafuta.
Mtaa mzima unajua Hmayak alikwenda Rostov
kujenga nyumba za watu, kwa miezi sita.
Hii ni ya kumi na moja. Miaka.

Nikaingia chini ya gari, nisionekane.
Kule kwenye giaboksi, penye mkanda mnene wa shaba
unaofunga injini na bodi,
nikakuta waya wa nyumba, ule wa balbu,
umesokotwa kwa koleo, umezungushiwa tepu ya bluu,
umeota unga wa kijani.
Nani alifunga hii?
Yeye, akajibu kutoka juu. Wiki ile ya safari.
Alisema ni ya muda tu.

Nikachukua waya mnene wa kuazimia moto,
nikaunga hasi na injini moja kwa moja.
Zungusha, mama.
Ikaguruma.
Tatul akaruka; kopo la misumari likaanguka,
hakuna aliyeliokota.

Alikaa nyuma ya usukani, mikono magotini.
Kumbe vipupwe vitatu, akasema.
Ngazi zote zile.
Kisha akasema neno la Kiarmenia
ambalo sitalitafsiri mbele ya kijana.

Nilikwangua chuma kwa msasa hadi kikangʼaa,
nikafunga mkanda mpya, boliti mbili, grisi juu.
Alitaka kulipa; nikamtajia bei ya mkanda.
Mikono yake ilikuwa na masizi ya betri.
Akaivuta ile sweta,
akajifuta kidole kimoja kimoja, bila haraka,
halafu akamrushia Tatul.

Tambara zuri hilo, akasema. Sufu tupu.